Siku Tangi Lilipokuwa Nusu

Walikutana kwenye duka la vifaa, saa ya msongamano, kila mmoja ameshika ncha yake ya kamba moja ya nailoni. Ilikuwa ya mwisho dukani.

"Dada, achia. Yangu ni ya kazi," akasema mwanamume mwenye buti za mpira na shati lililonyooshwa kana kwamba anakwenda harusini.

"Na mimi unadhani nafungia nywele?"

Duka zima likacheka. Wakaikata katikati, na mlangoni wakagundua kuwa wote ni wa shirika moja la maji. Binti, mwenye kilemba cha njano na suruali ya mifuko sita, alikuwa fundi aliyeletwa kufunga mtandao wa redio ili matangi yajieleze yenyewe kwenye skrini ya ofisini. Mwanamume alikuwa msoma tangi la mlimani. Kila baada ya saa mbili alipiga simu kutaja kimo cha maji, na anayepokea sharti aandike daftarini, kisha amsomee alichoandika.

"Kumbe umekuja kuninyamazisha."

"Nimekuja kukupumzisha miguu, kaka."

Simu za tangi sasa zilipokelewa na binti, na huo ukaka haukumaliza wiki mbili. "Mita tatu na robo, laazizi. Umekula?" "Mita tatu na robo. Sijala, nakusubiri." Ofisi nzima ikajua, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Siku ya tatu tangu mtandao uwashwe, msoma tangi akapiga simu asubuhi. "Nusu mita tu. Tangi linakauka. Washeni pampu."

"Skrini inasema limejaa."

"Mpenzi, sikiliza, ule ubao wa nje..."

"Usiniite mpenzi kazini! Sema tu unaogopa redio zangu zitakunyang'anya kazi."

"Haya, fundi," akasema, na simu ikakatika.

Binti hakuandika kile kimo wala hakukisoma. Aliandika: *Msoma tangi anatoa taarifa za uongo.* Kufika adhuhuri mabomba ya mtaa mzima yalikuwa makavu. Meneja alitafuta wa kulaumiwa, akafungua daftari, akampata. Msoma tangi akasimamishwa kazi na barua yake mkononi.

Kesho yake binti alipanda mlimani kukagua redio yake. Ilikuwa nzima. Pampu sasa iliwashwa kwa mkono, na maji yalisikika yakipanda ndani ya tangi. Akatazama ubao wa namba uliopakwa ukutani, pamoja na ile alama nyekundu iliyoning'inia kwa nusu ya kamba yao. Alama ilikuwa ikishuka.

Akakaa chini. Boya lililofungwa ncha ya pili ya kamba likipanda na maji ndani, kamba inapita juu ya kapi na alama inateremka nje. Redio yake ilisoma alama hiyo, naye aliipa namba akihesabu kutoka chini, kama mtu apimaye kikombe cha chai. Siku ya majaribio tangi lilikuwa nusu, na nusu ni nusu, uisome kutoka juu au kutoka chini. Hakuuliza mtu. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa kwamba amempoteza.

Alirekebisha namba, akarudi ofisini, akaandika chini ya mstari wake mwenyewe: *Kosa ni langu. Msoma tangi alisema kweli.* Akamsomea meneja.

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi huu?" meneja akauliza.

"Najua. Mrudishe kazini."

Akarudishwa. Lakini hakupiga tena simu. Mtandao ulikuwa ukisema sawasawa, na hapakuwa na haja. Siku ya pili, saa nne asubuhi, binti akapiga yeye.

"Tangi lina kiasi gani?"

"Si unaona kwenye skrini?"

"Naona. Nakuuliza wewe."

Akasikia buti zikitoka nje juu ya kokoto, zikirudi. "Mita nne kasoro robo."

"Mita nne kasoro robo," akasoma alichoandika. "Nisamehe. Nilipaswa kukuacha umalize."

"Ningemaliza, ungeniamini?"

"Siku ile? Hapana."

"Na leo?"

"Leo naandika kila unachosema."

"Basi andika. Nataka kukuoa, wakuongezee mkataba wasikuongezee."

Wenzake waliona kalamu ikienda polepole. Kisha akasoma kwa sauti, kama kanuni inavyotaka: "Saa nne na dakika sita. Msoma tangi anataka kunioa, niongezewe mkataba nisiongezewe."

"Ndivyo nilivyosema," akajibu. "Umeandika nini chini yake?"

"Nimeandika ndiyo. Na wewe iandike, kisha unisomee."