Kinaya cha Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha mama yake, fundi cherehani, akamsaidia kuokota vipande vya nyuzi huku mdomo wake ukiwa haupumziki. Ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Wiki ile alikuwa na kazi ya kusoma riwaya ya darasa. Atakayeieleza vizuri angeiwakilisha shule kwenye shindano la vitabu, na Chiriku aliitamani nafasi hiyo kufa na kupona.

Lakini riwaya yenyewe ilikuwa nene! Mama alipokuwa akimpima mteja, Chiriku aliichukua simu ya mama na kuiomba imfupishie riwaya. Kufumba na kufumbua, muhtasari ukatoka: mji unatawaliwa na mtambo unaowaamulia watu kila kitu; msichana mmoja anautoroka, anakuwa huru.

"Kumbe rahisi hivi!" akajisemea, akakariri yote.

Darasani aliieleza kwa mbwembwe hadi wenzake wakampigia makofi.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Na kinaya kiko wapi? Ile ramani aliyoifuata msichana, nani aliichora?"

Chiriku akajiuliza: Ramani gani tena? Angeweza kubahatisha, maana maneno hayakuwahi kumwishia, lakini aliona aibu kudanganya.

"Mwalimu, sikuisoma. Simu ndiyo iliyonisomea."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Asante kwa kusema kweli. Kaisome, tutakusikiliza tena Ijumaa."

Tangu siku hiyo Chiriku alimsomea mama kwa sauti kibandani. Walipofika kwenye ramani, mama alisimamisha cherehani.

"Ala! Kwa hiyo mtambo wenyewe ndio uliomchorea njia?"

"Ndiyo, mama! Na yeye anadhani anautoroka!"

"Maskini mtoto wa watu! Hebu endelea."

Ijumaa Chiriku alisimama bila mbwembwe.

"Msichana alipata uhuru siku alipoichana ramani na kutafuta njia mwenyewe. Kabla ya hapo alikimbia akiwa bado anatawaliwa. Hicho ndicho kinaya. Na mimi nina changu: kitabu kinatuonya tusiiachie mashine itufikirie, nami nikaiachia mashine inisomee kitabu hicho hicho!"

Darasa likacheka tena, na safari hii Chiriku alicheka nao. Moyo wake ulikuwa mweupe.

"Shindanoni utakwenda wewe," alisema mwalimu. "Simu haina ubaya, mwanangu. Iulize pale ulipokwama. Lakini ukiituma ikusomee, itakuletea maneno tu. Huwezi kumtuma mtu akuelewee."