Kisanduku cha Mirija

Nevena Dragieva alipoteza sauti yake Jumapili alasiri, mwezi Februari, sebuleni kwake mjini Ruse, Bulgaria.

Mumewe, Kiril, alikuwa amenunua mnadani priamplifaya kuukuu ya mirija ya kioo inayowaka kama balbu, kisanduku kinachokaa kati ya gramafoni na amplifaya. Alidai kinaupa muziki uhai. Zhivko, kaka yake Nevena, hakukubali.

"Shemeji, umenunua taa ya mezani. Masikio yako yanasikia bei tu."

"Basi tupime."

Wakatundika shuka mbele ya vyombo. Nevena akakaa nyuma ya shuka, abadilishe nyaya kati ya kisanduku hicho na kingine kipya kisicho na mirija, bila kusema kipi kinapiga. Kila akimaliza alisema, "Tayari."

"Dada, usimkonyeze mumeo."

"Nitamkonyezaje na shuka hili? Kunywa rakia yako."

Mara tatu za mwanzo hawakusikia tofauti. Mara ya nne kulinuka kama nywele zinazoungua. Ndani ya spika mtu alivuta pumzi, polepole, kama anayetaka kusema.

"Umesikia?" Kiril alinong'ona.

"Vumbi kwenye santuri."

Santuri ilikuwa imekwisha.

"Tayari," Nevena alisema. Safari hii sauti ilitoka kwenye spika.

Zhivko alivuta shuka. Dada yake alikuwa amekaa mdomo wazi, koo likicheza bila kutoa kitu, huku spika zikimwita Kiril kwa sauti ileile iliyomwita jikoni kila asubuhi, zikimwuliza mbona kuna giza, mbona kuna mtu mwingine humu, mbona mtu huyo amemshika mkono na hataki kumwachia.

Daktari hakuona kasoro kooni. Padri alikuja na maji ya baraka. Aliposoma sala, spika zililia.

"Humu mna pepo," alisema. "Kizimeni, mkitupe mtoni Danube."

"Na yeye je, Baba? Si yumo?"

Padri alifunga kitabu chake cha sala. Nevena alimshika mumewe mkono, akatikisa kichwa. Hawakukizima. Kiril alihamishia godoro sebuleni, akawa anajibu kila alipoitwa.

Alhamisi asubuhi umeme ulikatika mtaa mzima. Uliporudi, mirija iliwaka kama kawaida. Kiril na Nevena walikaa mbele ya spika hadi jioni. Hazikusema kitu, na koo la Nevena pia halikutoa sauti.