Mume wa Mwalimu

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, foleni imefika mlangoni. Fundi seremala alikuwa na kopo la gundi mkononi. Mbele yake dada mmoja, gauni la kijani lenye vumbi la chaki, alikuwa akimbembeleza muuzaji ampe vipande vya mbao.

"Vya nini?" fundi akadakia.

"Vya wanafunzi wangu wa darasa la pili. Watatengeneza nini, sijui. Ndiyo raha yenyewe."

"Njoo karakana kwangu, vimejaa tele."

Miezi minne baadaye walikuwa hawalali bila kupigiana simu. Lakini fundi alizoea kupima kila kitu mara mbili, na mapenzi nayo akayapima hivyo hivyo. Siku alipokwenda kurekebisha madawati ya darasa lile, alikuta karatasi sakafuni: mwanamume mwenye ndevu na miwani, juu ya pikipiki. Chini, kwa mwandiko wa kitoto: Mume wa mwalimu.

Fundi hana ndevu, hana miwani, na pikipiki anaziogopa. Watoto hawajui kuficha, alijiambia, huyu wamemwona. Roho ilimuuma sana. Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Fundi wangu, nimekukosea nini?"

"Muulize mwenye pikipiki."

"Pikipiki gani?"

"Yule mwenye ndevu. Watoto wako wamemchora."

Mwalimu akacheka, na kicheko kile kikamchoma zaidi. "Njoo kesho darasani, wakati wa mapumziko. Ukitaka kuniacha, uniache hapo hapo."

Alikwenda amekunja uso. Ukuta mzima ulikuwa umejaa waume. Mmoja alikuwa na mabawa. Mmoja alikuwa twiga aliyevaa tai. Mwingine alikuwa na mikono sita, yote inaosha vyombo.

"Niliwaambia wachore kitu ambacho bado hakipo," mwalimu alisema. "Mmoja akanichorea mume, wenzake wakanogewa. Ningewakataza? Siku ile ulipokuja, michoro ilikuwa bado kabatini, huo mmoja tu ndio ulidondoka."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akaona karatasi moja tupu.

"Na hii?"

"Ya binti mmoja mbishi. Anasema hachori mpaka amwone mwenyewe." Mwalimu hakuwa akicheka tena. "Na mimi nimechoka kusubiri."

Fundi akachomoa penseli sikioni. Akachora kichwa, bila ndevu, bila miwani.

"Masikio makubwa mno," mwalimu alisema.

"Ndivyo yalivyo. Mwite huyo binti aje kunikagua."