Mafundo ya Liesbet

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, Liesbet alikwenda na bibi yake kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa lao, pale mjini Winkler, Kanada, kutengeneza mablanketi. Yalipelekwa Iraki na Syria, kwa Wakristo waliofukuzwa makwao kwa ajili ya imani yao. Akina mama waliunganisha viraka, watoto wakafunga mafundo. Uzi mnene hupitishwa hadi chini, hurudishwa juu, kisha hufungwa mara mbili na kukazwa. Bila hivyo, pamba ya ndani huhama na kujikusanya pembeni.

Siku hiyo theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na barafu ya bwawa isingefika Jumamosi nyingine. Aliyemaliza blanketi lake aliruhusiwa kwenda kuteleza juu ya barafu hiyo. Binamu yake Irma alikuwa karibu kumaliza.

"Wewe Liesbet, utamaliza nyasi zikiota," alimtania.

Maneno yale yalimchoma. Liesbet akaanza kufunga mara moja badala ya mara mbili, na kwa macho usingeona tofauti. Bibi alipopita alimsifu kwa wepesi wake, maskini, na blanketi likafungwa ndani ya robota pamoja na mengine. Lori la kuyachukua lilikuwa njiani.

Liesbet alikuwa akivaa koti alipoingia Mama Warda, ambaye familia yake ilihamia mjini hapo kutoka Karakosh, Iraki. Alileta blanketi kuukuu la aina ileile, rangi zimepauka, akaomba uzi wa kushonea ukingo uliochanika. Alisimulia kwamba walipokimbia, waliishi katika jengo lisilokwisha kujengwa. Mchana blanketi hilo, walilopewa huko, lilikuwa mlango, usiku wanawe walijifunika. Alilifua kwenye beseni hadi akachoka.

"Usingizi ukinipaa, nilikuwa nayavuta haya mafundo, moja moja," alisema. "Halikufunguka hata moja. Nikajiambia, huko mbali kuna mtu hanijui, lakini hakunidanganya."

Liesbet alibaki na viatu vya kutelezea mkononi. Irma alikuwa akimwita mlangoni. Angeweza kutoka tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini akilini alimwona mtoto asiyemjua akivuta fundo gizani, nalo likiachia, na aibu ikamjaa.

"Bibi, blanketi langu lisiende," alisema. "Nimefunga mara moja tu."

Bibi hakumgombeza. Alikata kamba ya robota, akalitoa blanketi, akavuta fundo moja. Likaachia. Mama Warda akavuta kiti, akatunga uzi kwenye sindano. Irma naye akarudi, akinung'unika kwamba kuteleza peke yako ni sawa na kula peke yako. Dereva alipofika alipewa kahawa na keki, akangoja.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema walipokuwa wakimalizia, "mtu aliyenyang'anywa kila kitu usimpe kazi ya kulipua. Uso wako hatauona kamwe. Atakachokijua ni mkono wako. Na ukikosea, fanya kama leo: sema kabla lori halijaondoka."

Kisha akamwambia ajaribu fundo la mwisho. Liesbet alilivuta kwa nguvu zake zote. Halikuachia.