Mgeni Aliyefuata Kila Alichoambiwa

Kila mgeni alipofika kutoka Lubumbashi, Murielle alihamia sakafuni. Walikuwa na chumba kimoja tu katika nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, pale Bellevue, na kitanda chake ndicho kilichokuwa kitanda cha wageni. Mama yake, Mamie, fundi cherehani, hakujua kumkatalia mtu. Yeyote wa kanisa lao la nyumbani aliyekuja Johannesburg bila uwezo wa kulala hotelini alipewa namba yake, akapiga simu, akakaribishwa. Kisha mama alikwenda zake kazini, na mgeni akabaki mikononi mwa Murielle.

Murielle alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa kuwa alizaliwa hapa hapa, wageni walimwona kama mwenye mji. Walimuuliza maswali yale yale: maji ya bomba yanafaa kunywa, mkate wa bei nafuu unauzwa duka gani la mtaani, teksi inasimamishwaje. Aliwajibu huku macho yakiwa kwenye simu yake. Alikuwa amechoka nao, tena hakujisumbua kuficha.

Mgeni wa mwezi ule, Mama Hélène, alimchosha kuliko wote, kwa sababu hakuacha kuongea hata akipiga mswaki. Alikuwa amekaa kwenye basi siku nyingi kwa ajili ya jambo moja, kumwona mdogo wake, Thérèse. Hawakuwa wameonana tangu kabla Murielle hajazaliwa. Thérèse alilea watoto wa watu huko Kensington, mtaa mwingine wa Johannesburg, na alilala huko huko kazini. Nafasi aliyopata ni Jumapili mchana, mpaka saa kumi na moja. Basi la Mama Hélène la kurudi lilikuwa la Jumatatu alfajiri. Jumapili ile ikipotea, hapakuwa na nyingine.

"Unaijua Kensington?" mama alimuuliza Murielle asubuhi ya Jumapili, mkoba wa kazi ukiwa tayari begani. Alikuwa na gauni la harusi la kumaliza.

"Naijua sana, mama," Murielle akajibu.

Hakuijua hata kidogo. Alijua njia ya shule, ya kanisani na ya mjini, basi. Lakini mtoto wa Johannesburg aseme hajui mbele ya mgeni? Tena angesema hivyo, wangeanza kuulizana na majirani mpaka mchana uishe, naye alikuwa na ahadi ya kusukwa nywele na rafiki yake Diane. Mama alimwagiza amfikishe mgeni mpaka getini kwa Thérèse, akaondoka.

Murielle aliamua kwamba kumfikisha mgeni barabara kubwa kunatosha. Kabla ya kutoka alimwagia mgeni ushauri wote aliowahi kusikia kwa watu wazima. Simu aiache kitandani, maana wezi wa huku wananusa simu hata ikiwa ndani ya soksi. Asimuulize mtu njia, kwa sababu watamjua ni mgeni. Asisimame kushangaa majengo. Atembee haraka, kama mtu anayejua aendako. Wageni wengine walibishana naye kwa kila neno, lakini Mama Hélène aliitikia kwa kichwa na kuweka simu yake chini ya mto.

Ikabaki teksi. Johannesburg teksi ni basi dogo la abiria wengi, wala haipungiwi mkono. Kila upande wa mji una ishara yake ya vidole, na dereva akiiona anajua unakwenda wapi. Murielle alijua ishara moja, kidole cha shahada juu, ambayo ni ya kwenda mjini. Akamwambia Mama Hélène hiyo ndiyo yenyewe, na akishuka ataiona Kensington mbele yake. Teksi ikasimama. Mama Hélène akapanda na kikapu chake cha samaki wakavu wa nyumbani, akimshukuru mpaka mlango ulipofungwa.

Diane alikuwa ameshasuka nusu ya kichwa simu ya Mama Hélène ilipolia chini ya mto. Alikuwa Thérèse. Alitaka kujua dada yake yuko wapi, maana alikuwa amesimama getini tangu saa saba.

"Yuko njiani, tantine," Murielle akasema, kama wanavyowaita mashangazi kwao, akakata.

Simu ililia tena baadaye. Safari hii sauti ya Thérèse ilikuwa ya mtu anayejizuia kulia. Diane aliacha kusuka, akamtazama rafiki yake. Murielle akasema ukweli, kwamba alimpandisha dada yake teksi ya mjini, kwa sababu yeye mwenyewe Kensington haijui.

Thérèse alishangaa. "Mjini? Mwanangu, Kensington iko ng'ambo ya bonde hapo chini. Mnakuja kwa miguu."

Murielle alikimbia mpaka kazini kwa mama yake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Aliona aibu, aliogopa, na zaidi ya yote alijikasirikia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akafunika lile gauni la harusi kwa shuka, akachukua mkoba. Wakapanda teksi ya mjini, wakashuka inapoishia. Njia nzima mama hakumgombeza, na Murielle angependelea agombezwe.

Kwenye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, alikuwepo mwanamke muuza ndizi. Murielle alimuuliza kwa Kizulu kama amemwona mama mmoja mwenye kitenge cha njano na kikapu kichwani. Muuza ndizi akacheka. Mama huyo alikuwa akizunguka pale tangu mchana, mbio mbio, na akisalimiwa haitikii. Basi wakakaa kumsubiri. Haukupita muda Mama Hélène akatokea kwenye kona, jasho linamtoka, macho mbele, na angewapita kama mama hangemshika mkono.

Alitua kikapu, akamgeukia Murielle.

"Mi nilifuata yote," alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Simu niliacha. Watu sikuuliza. Kusimama sikusimama, mpaka miguu ikakufa. Mulinzi mumoja alitaka kunisaidia, nikamukimbia. Sasa Kensington njo wapi?"

"Sijui, Mama Hélène," Murielle akasema, na machozi yakamtoka. "Tangu asubuhi nilikuwa sijui."

Walifika Kensington saa kumi na moja ikikaribia. Thérèse alikuwa bado getini, na sare yake ya kazi ameshaivaa. Dada hao wawili walikaa ukingoni mwa barabara, kikapu katikati yao, wakishikana mikono na kuongea kwa pamoja bila kusikilizana. Kisha mtoto akaita kutoka ndani ya nyumba. Thérèse akabeba samaki wake, akaingia, na geti likajifunga lenyewe.

Walirudi kwa miguu. Mama aliijua njia vizuri, lakini Mama Hélène hakutaka kusikia. Kila waliyekutana naye alimsimamisha, na Murielle, na kichwa chake kile, akalazimika kutafsiri: samahani, Bellevue ni wapi? Watu wote walijibu kwa upole. Wengine waliwasindikiza hatua kadhaa.

Walipofika mlangoni jua lilikuwa halijazama. Kwa jinsi palivyokuwa karibu, Murielle alitamani kukaa chini na kulia upya.

"Usilie tena," Mama Hélène alimwambia, akimshika kichwa, ule upande ambao haukusukwa. "Kutojua hapana kosa. Mutoto akisema 'sijui', mukubwa anauliza mwingine, inaisha. Ulinipa maneno mengi leo, mutoto wangu. Lile moja ulilonifichia njo lingenipa muchana muzima na mudogo wangu."

Mwezi uliofuata alifika mgeni mwingine, Baba Octave. Alitua begi kwenye kitanda cha Murielle na kuuliza mtaa wa Mayfair uko upande gani.

"Sijui, baba," Murielle alisema, akaweka simu yake mfukoni na kuvaa viatu. "Twende tukaulize."