Kopo la Unga Mweusi

Mwaka ule wa 1948, kila Tabea alipoamka alimkatia Kijivu mgomba kwanza, ndipo akanywa uji wake. Alimlea Kijivu kwa maziwa ya kibuyu tangu akiwa ndama asiye na mama. Sasa alikuwa maksai mkubwa, na pamoja na mwenzake alivuta mkokoteni wa kahawa wa Mzee Sumari, baba yake Tabea, kutoka mlimani Meru hadi mjini Arusha.

Mkokoteni huo ulilia vibaya. Watu walisema kuku wa kijiji cha Moshono, njiani, waliacha kutaga kwa sababu yake. Baba akamtuma Tabea kwa Fundi Ephraimu, mhunzi wa mjini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Fundi akampa kopo la unga mweusi. "Mwambie baba achanganye unga huu na mafuta ya ng'ombe, apake kwenye ekseli, kile chuma cha magurudumu. Ni laini kama risasi ya penseli iliyosagwa. Chuma kitateleza, hakitalika."

Njiani, akiruka kijito, kopo likamponyoka. Unga wote ukaenda na maji. Tabea akaketi akalia. Kisha akaona kando ya maji mchanga wa mlimani, mweusi vilevile. Akauchekecha kwa kitambaa chake cha kichwa, akajaza kopo.

Baba alipaka, na yale mafuta yakaunyamazisha mkokoteni.

"Fundi huyu ana dawa," alisema akicheka. Tabea akatazama chini.

Wiki ya tatu, kwenye mteremko, ekseli ilikatika. Magunia yakamwangukia Kijivu, mguu wake wa nyuma ukavunjika vipande. Hapakuwa na la kufanya ila kumchinja. Tabea alimshika pembe mpaka mwisho.

Fundi Ephraimu alikuja kufunga ekseli mpya. Akasugua yale mafuta vidoleni.

"Yanakwaruza. Ona, Mzee Sumari, pete hii ya shaba ambamo ekseli huzunguka ni laini. Chembe za mchanga zimejichomeka humo, pete ikawa kama tupa ya kunolea panga. Imekula chuma chako kila siku."

"Ni mimi," Tabea alisema. "Unga ulimwagika kijitoni. Nikaweka mchanga."

Baba akamsaidia fundi kufunga ekseli mpya.

Asubuhi iliyofuata mkokoteni ulikuwa mzima, umepakwa unga wa kweli, umetulia kimya. Tabea alikata mgomba, akaupanga mafungu mawili kama kawaida, kisha akasimama akilitazama la pili.

Baba akaja, akachutama kando yake.

"Kumwaga si kosa, mwanangu. Ningekutania tu, nikutume tena. Kosa ni zile wiki tatu za kunyamaza. Siku yoyote kati ya hizo ungeniambia, tungeosha ekseli, na Kijivu angekula fungu hili."