Mtoto Mwenye Furaha Kuliko Wote Duniani

Enyi walimwengu, tegeni masikio! Mwezi Machi mwaka 2094, sayansi ilimpata mtoto mwenye furaha kuliko watoto wote duniani. Aliishi kwenye baridi ya Makete, katika Shule ya Bweni ya Isumbilo, na alipopatikana alikuwa juu ya paa la choo, anatafuna soksi.

Hilo la soksi tutalifikia.

Kwanza, chombo chenyewe. Kipimamoyo kilikuwa kikanda cha mkononi, chepesi kama jani la chai. Kilihesabu mapigo ya moyo, usingizi, milo na mirukoruko, kisha kikatoa alama kati ya sifuri na mia. Watoto milioni tisini wa nchi sitini walikivaa, na alama zao zilimiminika Dodoma, katika kituo cha utafiti cha Dakta Zamaradi Mshinda. Alama zilipoporomoka mahali, Dakta Zamaradi aliuliza kwa nini, na hakulala mpaka ajue. Kwa njia hiyo nchi moja ilipunguza kazi za nyumbani, na nyingine ikarudisha viwanja vya mpira vilivyokuwa vimegeuzwa maegesho. Alama zilipopanda mahali, aliitafuta siri ili wengine waige.

Ndiyo maana alipoliona bweni moja la Isumbilo, wavulana thelathini na wawili, wastani wa alama tisini na saba, alipanda gari-anga la kwanza la asubuhi. Saa sita mchana alitakiwa kutuma pendekezo lake kwa nchi zote sitini.

"Siri ni nidhamu," alisema Mkuu wa Shule, Mwalimu Mahenge, akiipandisha suruali juu ya kitambi. "Saa kumi na moja alfajiri, filimbi! Mchakamchaka, halafu wanaoga maji ya mtoni. Makete hii, Daktari. Ukipiga mswaki meno yanagongana."

"Na wanafurahi?"

"Si umeziona alama mwenyewe?"

Alikuwa ameziona. Akaandika kwenye kibao chake cha kielektroniki: *Kuoga maji baridi alfajiri.* Ewe msomaji, tafakari. Kidole kimoja cha mama huyu kingebonyeza, na watoto milioni tisini wangetetemeka kila siku kabla ya jua.

"Kabla sijatuma," alisema, "nimwone huyu Osward Tweve wa kidato cha kwanza. Ana tisini na tisa. Duniani hana mpinzani."

Kibao kikajibu kwa sauti tamu: "Osward Tweve yuko mita arobaini kutoka hapa, juu ya paa la choo. Amechangamka sana."

"Juu ya paa?" Mkuu alitoka mbio. "Tweve! Shuka upesi!"

Juu ya paa alisimama beberu wa mradi wa shule, aitwaye Waziri, soksi ikining'inia mdomoni. Aliwatazama kwa dharau ya mtu aliyepata tisini na tisa. Chini, bandani, mbuzi wengine thelathini na mmoja walikuwa wamevaa Vipimamoyo shingoni.

Takwimu zikaeleweka mara moja. Mbuzi hulala mapema, hula kutwa, hurukaruka bila kuamriwa, wala hajawahi kufanya mtihani wa hesabu.

Inasemekana wazo hilo lilizaliwa kwa sababu Kipimamoyo kilimchongea kwa mlezi wa bweni kila aliyepiga soga taa zikishazimwa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kijana mwerevu na mtanashati ambaye jina lake halina umuhimu kwa sayansi, alivikusanya vikanda vyote na kuvipeleka bandani. Kwa wiki tatu walimu walitazama alama. Hakuna aliyetazama mikono.

Osward halisi aliitwa kutoka darasani. Alikuwa mdogo kuliko sweta lake, na macho yamemvimba.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mtoto mwenye furaha kuliko wote duniani?"

Osward alimtazama Mkuu. Akamtazama Waziri. "Ndiyo, Daktari," alisema, na machozi yakamshuka.

Dakta Zamaradi aliketi chini kwenye nyasi, gauni lake zuri na yote. "Niambie."

"Nataka kuongea na mama. Tangu nije, wiki tatu sasa, sijaongea naye."

Dakta aliinamisha kichwa. Alama zikishuka chini ya arobaini, Kipimamoyo chenyewe humpigia simu mzazi. Badala yake, kwa wiki tatu, mama yake Osward alikuwa akipokea ujumbe kila jioni: *Mwanao ana furaha kuliko watoto wote duniani.* Mama wa watu akaona asimsumbue.

"Nani alikuvua hicho kikanda?" aliuliza Mkuu.

Bwenini dhambi zote husamehewa, isipokuwa kumchoma mwenzako kwa walimu.

"Usiposema, adhabu ni yako peke yako. Jumamosi wazazi wakija kuwatembelea wenzako, wewe utakuwa unachimba shimo la taka."

Osward alijifuta machozi kwa mkono wa sweta, akauliza jembe liko wapi.

Waziri alikuwa ameshuka kuomba ugali. Dakta Zamaradi alimshika pembe, akachunguza shingo yake. Kikanda kilikuwa kifupi kwa shingo ya beberu, kwa hiyo kilikuwa kimeungwa kwa kipande cha shuka. Na shuka ya bweni, kama soksi na foronya, huandikwa namba ya mwenyewe kwa wino usiofutika, zisipotee kwenye kamba ya kuanikia nguo. Yule kijana mwerevu alikuwa amefikiria kila kitu, hadi mapigo ya moyo ya mbuzi, akasahau shuka yake.

"Mia mbili na kumi na nne," Dakta alisoma. "Ni nani huyu?"

Ni mimi.

Daktari ameniamuru niandike taarifa ya kisayansi, bila kujisifu, nami nimejitahidi isipokuwa pale kwenye "mtanashati". Maji baridi hayakupendekezwa. Nchi sitini zilipokea sentensi moja: *Mtoto mwenye furaha kupita kiasi naye atembelewe na mtu, aulizwe.* Osward aliongea na mama yake dakika arobaini, akamsimulia habari za Waziri, wakacheka mpaka kibao kikauliza kama kuna hitilafu. Shimo la taka nitalichimba mimi.

Limebaki jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye shuka. Mimi hulala kitanda cha juu, na Osward hulala cha chini. Kwa wiki tatu kitanda chetu kilitikisika kwa kilio chake, nami nikageukia ukutani. Sikuhitaji Kipimamoyo. Nilikuwa najua.